Darubini moja, macho manne

Msomaji, watu wengi wakisikia Kakonko wanajua ni pa kupitia tu, kati ya Nyakanazi na Kibondo. Bwana, umepitwa! Mashariki kuna Pori la Akiba Moyowosi, sehemu ya ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi iliyoingia orodha ya Ramsar mwaka 2000. Huko yuko nzohe, swala wa majini, na korongo-nyangumi mwenye mdomo kama kiatu. Wote hukaa mbali kwenye mafunjo, hivyo darubini ni lazima.

Mume wangu alitaka 10x50. Jamani, shingo ya nani? Nami nikakazania 8x25, inayoingia kwenye pochi. Hiyo 8 ni mara inazovuta. 25 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ikivuta mara 10, mkono ukitetemeka kidogo tu ndege anacheza rumba. Ila magharibi giza likianza, hiyo ndogo huchoka mapema. Mwenye nafasi achukue 8x32.

Mvua za kule si za kubembeleza. Usidanganywe na "inastahimili manyunyu". Uliza kama haipitishi maji kabisa na ndani imejazwa naitrojeni, maana ukungu ukiingia nyuma ya lenzi hakuna kitambaa kitakachoufikia.

Halafu mwenzangu anavaa miwani. Tulichagua yenye vikombe vya macho vinavyozungushwa kushuka, naye aone picha nzima bila kuivua. Tulinuniana dukani karibu saa nzima, lakini kule Moyowosi alinipa mimi zamu ya kwanza.