Mtoto Anapopata Sifa Akakosa Amani

Kuna swali ambalo wazazi wengi wa Kikristo tunalikwepa: tufanye nini mtoto anaposifiwa kwa kazi ya Mungu, halafu sifa hizo hizo zikamnyima usingizi?

Nimelazimika kulijibu kwa sababu ya binti yangu wa miaka 14, mwimbaji wa kwaya ya vijana hapa Tanga. Kabla ya Pasaka mtu alimrekodi akiongoza wimbo, akaiweka video mtandaoni. Ndani ya siku chache ilikuwa imetazamwa mara zaidi ya 40,000. Kituoni Chumbageni watu walimwomba kupiga naye picha. Babu yake alipiga simu kutoka Muheza, akicheka kwa furaha. Tulimshukuru Mungu.

Video ya pili haikufika hata 1,000. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Alikuwa akiamka usiku kuhesabu watazamaji, chakula akakisukuma pembeni, na mazoezi ya kwaya akaacha kwenda. Siku moja tukiosha vyombo akaniuliza, “Mama, kama hawanitazami tena, mimi ni nani?”

Swali kama hilo halijibiwi kwa kumnyang'anya mtoto simu. Jioni ile tulifungua Injili ya Marko, sura ya kwanza. Mji mzima wa Kapernaumu umejaa mlangoni, na Yesu ameponya wengi. Kesho yake kabla hakujapambazuka anaondoka, anakwenda mahali pasipo watu kuomba. Petro na wenzake wanamfuata na habari ambayo yeyote kati yetu angeifurahia: kila mtu anamtafuta. Yesu harudi kwenye umati ule. Anawaambia waende vijiji vingine, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyomleta.

Alipata wapi utulivu huo? Rudi nyuma kidogo katika sura hiyo hiyo. Alipobatizwa Yordani, Baba alimtangaza kuwa Mwana mpendwa anayempendeza. Marko anaandika hayo kabla ya kusimulia muujiza hata mmoja, kabla ya umati wowote. Aliyekwisha kupendwa haombi umati umwambie yeye ni nani.

Nilimsimulia pia habari za Mr Ebbo, ambaye kizazi chake hakimfahamu. Jina lake halisi ni Abel Motika, na wimbo wake wa “Mi Mmasai” ulijulikana nchi nzima. Wasanii wengi wakishapata jina huhamia Dar es Salaam. Yeye aliishi hapa hapa Tanga, akafungua studio yake, Motika Records, na wengine wakapata pa kurekodia. Alifariki Desemba 2011. Ya moyoni mwake anayajua Mungu, lakini maisha yake yananionyesha kwamba jina kubwa si lazima limng'oe mtu alipo, na kwamba laweza kuwafungulia wengine mlango.

Baada ya hapo tulikubaliana mambo mawili. Simu inalala sebuleni, ya kwake na za kwetu wazazi pia. Na Jumamosi anakwenda na wenzake wawili kumwimbia bibi mmoja wa mtaani kwetu ambaye hawezi tena kutoka kitandani. Hakuna anayerekodi. Bibi huyo hajui habari za video. Anachojua ni kwamba mjukuu wake wa kanisani amefika, na wimbo ukiisha anauomba tena.

Binti yangu hakubadilika siku moja. Zipo jioni namba bado zinamsumbua. Lakini amerudi kwaya, na usingizi umerudi.

Mzazi mwenzangu, hatuwezi kuzuia dunia isiwapigie watoto wetu makofi, wala kuizuia isinyamaze ghafla. Tunachoweza ni kuhakikisha sauti ya kwanza wanayoisikia si ya umati. Leo, kabla mtoto wako hajaleta matokeo ya mtihani, kabla hajaimba wala kufunga goli, mwite kwa jina lake umwambie kwamba unampenda na unamfurahia. Kisha mwombee. Akilijua hilo nyumbani, atakuwa na pa kurudi makofi yatakapokwisha.