Ufunguo wa Pikipiki Ukipotea

Katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, pikipiki ndiyo miguu ya watu wengi: hubeba mgonjwa, hubeba mizigo ya soko, hulipa karo ya watoto. Ufunguo wake ukipotea, nyumba nzima husimama.

Jirani yangu alipopoteza wake, fundi aliunganisha waya za kitasa, na pikipiki ikanguruma mara. Jirani akafurahi, lakini mimi niliona hofu, kwa kuwa waya zilizounganishwa hivyo hazimtambui mwenyewe wala mwizi.

Wapenzi wasomaji, yafaa kufikiri kwanza. Ukiwa na ufunguo wa pili, fundi atachonga mwingine kwa kuufuata huo. Usipokuwa nao, kitasa chaweza kung'olewa na ufunguo kuchongwa kwa kupima vibati vya ndani. Lakini ikiwa ulipotea karibu na watu waijuao pikipiki yako, ni heri kubadili kitasa chote, pamoja na kifuniko cha tangi, maana aliyeuokota aweza kuja usiku.

Basi, siku ya kununua pikipiki, dai funguo mbili. Mmoja utembee nao, wa pili autunze mama wa nyumba.