Usingizi wa Pono

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha wanafunzi wa sekondari kwamba mtu aliyelala fofofo amelala usingizi wa pono. Waliandika, wakafaulu, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza pono hulalaje. Tangu nistaafu, jibu liko sebuleni kwangu.

Hodhi langu la kioo lina lita 300 za maji ya bahari, joto la nyuzi 25 au 26, matumbawe kidogo na mchanga laini wenye kina cha sentimita tano. Juu nimetandika wavu, kwa maana samaki hawa wakishtuka huruka, na asubuhi ukamkuta mmoja sakafuni amekauka. Mke wangu huliita hodhi hilo mke mwenza. Umeme ukikatika, ni kweli kwamba yeye hulala nami nikakesha nikivuruga maji kwa mkono ili yapate hewa.

Wavuvi niliokua nikiwasikia walilitumia jina pono kwa upana: kwa wale wakubwa wanaotafuna matumbawe, na pia kwa jamaa zao wadogo wenye rangi. Hawakukosea. Uchunguzi wa nasaba siku hizi unaonyesha kwamba wale wakubwa ni tawi la ukoo uleule wa hawa wadogo.

Ninao wawili. Wa kwanza, Halichoeres iridis, ni wa bahari yetu, kuanzia Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini. Kichwa njano, mwili zambarau iliyokolea. Jioni, hata kabla sijazima taa, hutumbukia mchangani kichwa mbele, akatoweka hadi asubuhi. Wa pili ana mistari sita ya rangi ya chungwa. Mkorofi, hapendi mgeni. Huyu huingia katika ufa wa jiwe na kujizungushia ute mwembamba mithili ya kifuko. Watafiti waliochunguza ute kama huo kwa pono wakubwa waligundua kwamba huwakinga na vidudu vinyonyavyo damu usiku. Yaani pono hulala ndani ya chandarua! Waliotunga usemi wetu walikuwa wamechungulia majini kuliko tunavyodhani.

Jambo jingine la kumfurahisha mwanasarufi: wengi wa samaki hawa huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi hugeuka madume. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kubadili kiwakilishi katikati ya habari. Sisi tunaendelea na “yeye”, bila kutokwa jasho.

Linaloniuma ni hili. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza spishi mpya ya pono mdogo kutoka bahari ya Zanzibar, kwenye miamba iliyo kati ya mita 50 na 80 chini. Zambarau yake imekolea kiasi kwamba haikufutika hata mzoga ulipohifadhiwa, ilhali rangi za samaki wengi huchujuka. Wakamwita Cirrhilabrus wakanda, kwa jina la nchi ya kubuni katika hadithi za vibonzo za Marekani. Siwalaumu, aliyepiga mbizi ndiye mwenye haki ya kutaja, na jina la kitaalamu halibadiliki kwa manung’uniko ya mwalimu mstaafu. Lakini jina la kienyeji halihitaji kibali cha mtu. Samaki wa Unguja amepewa jina la nchi isiyokuwepo, nasi wenye lugha tumenyamaza. Tukiendelea hivyo, wajukuu watamjua kwa jina hilo pekee.

Mjukuu wangu amependekeza “pono zambarau”. Ni mizani sita. Nikasema “pono wetu zambarau”, ikatimia minane, kipande kamili cha tarbia, na ubeti nimeuanza. Kina cha “rau” ndicho kinachonikwamisha. Hadi sasa nimepata “dharau” tu. Mwenye jingine anitumie.