Ng'ombe wa Ngitili

Ngitili ya ukoo wa mama yangu, upande wa Solwa mkoani Shinyanga, ilikatwa mwezi Machi. Migunga ilipakiwa kwenye fuso, mingine ikapelekwa Mwakitolyo, mingine Geita, ikawe matimba ya kuzuia kuta za maduara ya dhahabu zisiporomoke. Matawi yakachomwa mkaa. Nilikwenda kumzika shangazi, nikakuta visiki. Mpwa wangu, kijana mwenye stashahada ya uzalishaji wa mifugo, aliniona nimesimama pale muda mrefu, akaja kunipa pole. "Mjomba, usiumie sana. Hapa palikuwa pori tu. Siku hizi ng'ombe tunawanenepesha kwa mashudu."

Kijana huyu si mjinga. Anajua kupima uzito wa ng'ombe kwa utepe, anajua kuchanganya chakula cha kuku. Lakini katika miaka yake yote ya chuo, katika mkoa uliojulikana duniani kwa sababu ya ngitili, hakuna aliyemwambia kwamba pori lile lilikuwa ghala.

Kwa ajili yake na wenzake, nianze mwanzo. Mvua za kwanza zikishanyesha, Novemba au Desemba, wazee walikuwa wakifunga sehemu ya malisho, ndiyo ngitili. Kuanzia hapo kwato haikanyagi. Majani yanakua, yanatoa mbegu, yanakauka yakiwa yamesimama chini ya migunga. Sehemu nyingine zote za kijiji zinaliwa mpaka udongo unabaki mtupu. Ikifika Julai au Agosti, ngitili inafunguliwa, na haifunguliwi kwa kila mnyama. Wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, maksai watakaovuta jembe mvua zikirudi, na wagonjwa. Wengine wanangoja. Atakayeingiza mifugo kabla ya siku yake anaitwa mbele ya dagashida, baraza la kimila, na kutozwa faini, awe maskini au mwenye ng'ombe mia tano.

Sababu ya utaratibu huo nilikuja kuisoma nikiwa chuo cha mifugo Mpwapwa. Majani ya kiangazi hupoteza protini. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinavyochachusha chakula katika tumbo la kwanza la ng'ombe vinadhoofu, na majani hayasagiki. Ng'ombe anakuwa na tumbo lililojaa, naye bado anakonda. Katika ngitili kulikuwa na majani ya kutosha kuchagua, na juu yake yakidondoka makunde ya migunga yenye protini maradufu ya nyasi kavu. Guku, yaani babu yetu, hakujua neno protini. Alijua kwamba ndama aliyevuka Septemba kwenye ngitili hafi Novemba.

Nami niliujua utaratibu huo kwa pua kabla ya kuujua kwa kitabu. Mama alikuwa akisukasuka maziwa katika kibuyu, mkono mmoja shingoni mwa kibuyu, kibuyu kikipigapiga paja lake, mpaka siagi inajitenga. Kisha siagi inatiwa chunguni, moto mdogo, povu linapanda na kushuka, na harufu ya samli inaanza. Harufu ile ilikuwa na majani ndani yake. Ilitoka jikoni ikafika zizini, nasi watoto tukaacha michezo, kwa kuwa tulijua masimbi yanayobaki chunguni ni yetu, tutayalia ugali wa mtama. Samli ya masika ilikuwa ya njano iliyokolea. Ya kiangazi ilipauka. Rangi ile ni karotini, inayotoka kwenye majani mabichi na kuingia katika mafuta ya maziwa, ndiyo hiyohiyo inayompa mtoto vitamini A. Mama alipotaka kujua hali ya malisho hakwenda machungani. Alitazama samli.

Mtu mwingine aliyenifundisha ubora alikuwa mchinjaji mmoja wa Shinyanga mjini. Baba alimpelekea ng'ombe kila mara ada ya shule ilipokaribia, nami nikamfuata kuswaga. Bucha lake lilikuwa chumba kimoja: kulabu tatu, gogo la mkwaju la kukatia, mizani ya mawe, na magazeti ya kufungia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimzunguka ng'ombe polepole, akabonyeza shina la mkia, akashika nundu kuona kama imesimama au imelala, akapitisha viganja juu ya mbavu. Kisha akamuuliza baba swali ambalo hakukosa kuliuliza: "Huyu amekula wapi tangu Sabasaba?"

Baba alijibu ngitili. Mchinjaji akachomoa unyasi uliokwama kwenye kwato, akautazama, akakubali. Aliyedanganya alijulikana, kwani mchinjaji huyu alikwenda minadani mwenyewe na alizijua ngitili za vijiji vingi kama wengine wanavyozijua nyumba za jirani. Ng'ombe wa ngitili alimlipia zaidi. Haikuwa zawadi. Alikuwa na wateja wa Mwadui na watumishi wa serikali waliorudi kwake kwa sababu ya mafuta laini katikati ya nyama, yale yanayoyeyuka sufuriani bila kuomba mafuta mengine.

Na hakuchinja ng'ombe aliyefika siku hiyo. Nyuma ya bucha alikuwa na boma la miiba, birika la maji na mzigo wa nyasi. Ng'ombe aliyeswagwa kutoka Meatu alilala pale usiku mmoja, mara nyingi miwili. Wauza nyama wenzake waliona anapoteza muda. Yeye alisema nyama ya ng'ombe wa safari ni nyeusi na inakauka mdomoni. Mpwapwa nikaelezwa kwa nini alisema kweli. Msuli huhifadhi sukari iitwayo glikojeni. Mnyama akichinjwa akiwa ametulia, sukari hiyo hugeuka asidi, na pH ya nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi kama 5.5, nyama inakuwa nyekundu na haiozi upesi. Ng'ombe aliyechoka, mwenye njaa na hofu, ameimaliza sukari njiani. pH inabaki juu, nyama inakuwa nyeusi na kuharibika mapema. Boma lile la miiba lilifanya kazi ya maabara.

Leo katika minada mingi ng'ombe anashushwa kwenye lori saa kumi alfajiri na saa mbili asubuhi yuko kulabuni. Tunalalamika nyama ni ngumu, tunamlaumu ng'ombe wetu Zebu. Tuache kumlaumu mnyama kwa makosa ya siku yake ya mwisho.

Watafiti nao walikuwa na safari yao. Shinyanga haikukosa wataalamu. Swynnerton na wenzake wa utafiti wa mbung'o walikuwa Old Shinyanga tangu kabla ya vita ya pili, na kazi yao kubwa ilikuwa kufyeka vichaka ili ng'ombe wapone ugonjwa wa nagana. Ng'ombe wakapona, miti ikaisha. Ikaja pamba, ikala mashamba. Mpwapwa wakashughulika na damu: wakachanganya Zebu wetu na Sahiwal na Red Sindhi mpaka wakapata ng'ombe wa Mpwapwa, mnyama mzuri kweli. Lakini mnyama mzuri anakula, na sisi tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa tuliziacha ngitili nyuma yetu bila mlinzi. Kufikia miaka ya themanini mkoa wetu ulikuwa ukiitwa jangwa.

Vitabu vinasema programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ilianza 1986 na kwamba wakati huo ngitili zilizobaki zilikuwa kama hekta 600. Kwetu ilianza siku gari la miche lilipofika, nadhani mwaka mmoja au miwili baadaye. Mwaka hauna neno. Miche mingi ilikuwa ya kigeni, ikafa kiangazi hichohicho. Jambo la heshima ni lile lililofuata: watumishi wa HASHI, Wendelen Mlenge akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliketi na wazee wakauliza zamani mlifanyaje. Wakajibiwa. Gari likaacha kuleta miche mingi, watu wakarudi kufunga malisho, na visiki vilivyokuwa hai ardhini vikachipua vyenyewe. Watafiti wa kituo cha kilimo mseto cha ICRAF, Robert Otsyina akiwa mmoja wao, wakapima majani, makunde na miti ya malisho, wakawapa wazee majina ya kitaalamu ya yale waliyoyafanya.

Mwaka 2002 HASHI ikapewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Utafiti ulioongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine, uliotolewa 2005, ulikuta ngitili katika vijiji 833, zaidi ya hekta 300,000, zikimpa kila mtu thamani ya dola 14 za Marekani kwa mwezi. Kuni, asali, dawa na malisho vyote vilihesabiwa. Nilifanya kazi ya bwana mifugo miaka hiyo, na sijawahi kuona mkoa ukirudi uhai kwa namna ile.

Mambo ya baadaye yalikwenda mbio. HASHI ilikuwa imefungwa 2004. Migodi mikubwa ilikuwa imeshafunguliwa Geita na Bulyanhulu, maduara ya wachimbaji wadogo yakaenea, mkoa ukagawanywa, ardhi ikapanda bei, ng'ombe wakahamia kusini. Unenepeshaji ukaanza karibu na vinu vya pamba, na mahali penye dhahabu pana wala nyama.

Siupingi unenepeshaji. Abiliza Kimambo, Germana Laswai na wenzao wa Sokoine walionyesha mwaka 2015 kwamba Zebu wetu, akilishwa molasi, mahindi na mabaki ya mpunga, hukua vizuri na kutoa mzoga mzuri. Mashudu ya pamba nayo ni chakula cha nguvu. Lakini yana gosipoli: ng'ombe mkubwa huihimili, ndama hudhurika, na kuku akila sana, kiini cha yai hubadilika rangi ghalani. Tena mashudu hununuliwa kwa fedha, na ng'ombe wa kunenepeshwa lazima kwanza awe amezaliwa na kukua mahali fulani. Ndama wa mashudu hulelewa na nyasi.

Kinachonikera zaidi ni kimya chetu kuhusu ukanda wa dhahabu. Karibu na makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea dhahabu, ng'ombe wanachunga pembezoni mwa vifusi vya marudio na kunywa maji yaliyotuama. Sayanidi ikiwamo, mnyama anakufa palepale na mwenyewe analia. Zebaki haiui siku hiyo. Inajikusanya katika figo na ini, na figo na ini ndivyo vinavyochomwa kwanza. Ng'ombe huyo huyo anafika mnadani akiwa amenenepa, anapimwa uzito, anauzwa.

Kwa hiyo mpwa wangu, wewe na vituo vya taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI, na vyuo vyetu, kazi ipo. Pimeni nyama na samli ya ng'ombe wa ngitili kando ya zile za ng'ombe wa mashudu, mtuambie tofauti kwa tarakimu. Pimeni figo za ng'ombe wa Geita na mtangaze majibu kwenye mnada, kwa Kisukuma na Kiswahili. Kisha bei ifuate vipimo, kama alivyofanya mchinjaji yule. Mfugaji anayelipwa uzito peke yake hana sababu ya kulinda malisho, na mgunga utaendelea kuwa na thamani kubwa zaidi duarani kuliko shambani. Akilipwa kwa alichokula ng'ombe wake, ngitili itafungwa bila tuzo wala mradi.