Mwaka Mama Alipoonja Visima

Mdogo wangu alizaliwa Mkanda, ndani ya mashua, bahari ikiwa imekupwa. Asiyejua upande wetu huenda akadhani Mkanda ni kijiji. Ni mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kushoto, mikoko kulia. Anayetoka Kizingitini kwetu, Faza au Mtangawanda kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, hana budi kuupita, ila awe radhi kuizunguka Manda kwa nje, kwenye bahari kubwa, jambo ambalo wakati wa kusi halifanyi mtu mwenye watoto. Miaka ile, maji yakijaa, mashua zilipita. Yakipwa, zilikaa juu ya tope, na nahodha aliwasha sigara.

Usiku ule wa 1986 tulikuwa tukimpeleka mama Amu, tukakaa juu ya tope. Nilikuwa na miaka tisa, nimechukuliwa safarini ili nibebe kikapu cha nguo. Bibi alitandaza leso mbili kuwa pazia, wanaume wakageukia omo wakawa wanasoma Yasini kwa sauti ya chini. Baba aliteremka majini. Maji yalimfika magotini tu, naye alishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, kana kwamba akiuachia chombo kitaondoka, ilhali hapo hakikuweza kwenda popote. Mtoto alilia kabla ya alfajiri. Maji yakaanza kurudi polepole, tukasikia mkuku ukijinasua topeni, na jua lilipochomoza tulikuwa tunaiona gati ya Amu.

Mama alikaa arubaini yake Langoni, mtaa wa Amu, kwa shangazi yake. Siku ya arubaini na moja alimwambia baba, mbele ya bibi, "Baba watoto, mimi Kizingitini sirudi. Tutafute mui."

Mui, kwetu, ni mji. Baba hakujibu. Aliyejibu ni bibi. "Mui hautafutwi, mwanangu. Mtu huukuta."

Bibi alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alizaliwa Rubu, bara, mahali penye mashamba na ng'ombe. Miaka ya 1960, vita vya mashifta vilipowafikia Wabajuni wa bara, watu wa vijiji vile walipanda vyombo wakavuka visiwani na walichoweza kubeba. Bibi alibeba mtoto mmoja na kinu. Kizingitini hakupachagua, palikuwa ndipo chombo kilipofunga. Alipakubali, akapapenda, akazika watu wake hapo. Kwa hiyo katika ukoo wetu, mwanamke wa kwanza kusimama akasema "nataka kukaa hapa, sitaki kule" ni mama, na nadhani ndiyo sababu maneno yake yalimtisha bibi kuliko usiku wa Mkanda.

Nisiisingizie Kizingitini. Samaki walikuwa hapo, kamba wakubwa wa miambani walikuwa hapo, na mtoto akianguka mlango wa tano, mwenye mlango wa kwanza alikuwa ameshapata habari. Lakini maji yalikuwa shida. Visima vingi vya upande ule wa kisiwa cha Pate ni vya chumvichumvi, na watu hutegemea jabia: uwanja uliosakafiwa kwa mteremko, mvua ikinyesha maji yateleze mpaka ndani ya tangi. Mvua za masika zikiwa nzuri, jabia hujaa, na mtu huchota anamshukuru Mungu. Zikiwa haba, ikifika mwisho wa kaskazi unateremsha ndoo unasikia ikigonga sakafu. Mlio ule naujua mpaka leo. Mama aliukulia. Ndiyo maana alipoanza kutafuta mji hakuulizia kodi kwanza, wala soko. Aliazima kata ya kifuu kwa shangazi yake, akaanza kuonja visima.

Tulianza na Mokowe, kwa kuwa baba aliona bara kuna ardhi. Wakati huo Mokowe ilikuwa gati, vibanda kadhaa na basi lililojaa vumbi la njia ya Garsen. Mama alishuka, akatazama ile njia inavyopotea vichakani, akamtazama bibi. Bibi alikuwa amejifunga buibui yake kwa nguvu, hasemi. Bara kwake ilikuwa bado ni ile ya usiku wa kukimbia. Tulirudi kwa chombo kilekile kilichotuleta.

Matondoni tulikwenda kwa punda, kwa njia ya michanga na minazi. Nilipapenda sana. Kulikuwa na jahazi linaundwa pwani, mbavu zake zimesimama wima, na fundi aligonga kalafati tangu tulipofika mpaka tulipoondoka. Wanawake walikaa barazani wakisuka mikeka, wakamkaribisha mama kama wanayemjua. Maji aliyaonja, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, "Mtu akiugua usiku?" Wakamwonyesha punda.

Ikaja zamu ya Mkomani, hapohapo Amu. Huko ndiko kwenye majumba ya mawe ya wenyewe, yenye daka mlangoni pa kukalia wageni, na ndani zidaka za chokaa zilizopangwa ukuta mzima. Nyumba tuliyoonyeshwa ilikuwa baridi kama ndani ya mtungi. Bafuni mlikuwa na birika, na ndani ya birika, samaki wadogo kama kucha. Chini kabisa palikuwa pamejengewa bakuli la kaure, ili maji yanapopungua samaki wapate pa kujihifadhi. Shangazi alieleza kuwa samaki hao wanakula viluwiluwi vya mbu. Mama alichutama pale, akaweka kidole majini, samaki wakaja wakakidonoa. Hakuwa ameona kitu kama hicho: maji ya nyumbani yenye walinzi wake. Aliyatazama muda mrefu kuliko alivyotazama vyumba.

Mwenye nyumba alikuwa na adabu. Alituletea kahawa. Halafu akauliza sisi ni watu wa wapi, baba akamwambia, na kahawa ikaisha haraka. Kesho yake tukaambiwa nyumba imepata mtu. Nilipita mlango ule kwenda madrasa mpaka kaskazi ikaingia, kufuli halijaondoka. Mama hakulizungumza. Baba alilizungumza mara moja tu, akasema, "Hata waliojenga mui huu walishuka chomboni." Ni kweli, na ningetamani angemwambia yule mwenye nyumba.

Shela ndipo moyo wa mama ulipobaki. Tulikwenda asubuhi kwa miguu, kando ya bahari, mpaka tukauona mnara mweupe wa msikiti wa Ijumaa, ule wa 1829. Nyuma ya mji kuna vilima vya mchanga. Mvua inayonyesha huko hainywewi na jua, huzama mchangani ikakaa chini, maji baridi yameelea juu ya maji ya chumvi, na anayechimba kwa kiasi hupata tamu. Maji yanayonywewa Amu hutoka chini ya michanga hiyo. Mama alichota kata moja, akanywa. Akachota ya pili akanipa mimi. Alikuwa anatabasamu.

Mwanamke mmoja mzee, aliyetukaribisha kivulini, alitueleza kwamba wao asili yao ni Takwa, ng'ambo, kisiwani Manda. Takwa ni magofu leo. Palikuwa na mji, na msikiti, na kaburi la nguzo lenye tarehe ya 1094 Hijria, yaani 1682 au 1683. Inavyosimuliwa, maji ya visima yaligeuka chumvi, watu wakavuka wakaja Shela. Makaburi yakabaki ng'ambo, na bado huvuka kwenda kuyazuru na kuomba mvua. Yule mama mzee aliyasimulia hayo kama habari ya wiki iliyopita. "Tuliondoka kwa maji," alisema, "tulipokuja hapa tukayakuta." Bibi alimshika mkono. Nilifikiri wanajuana.

Kurudi tulichelewa. Bahari ilikuwa imejaa, njia ya ufukweni imefunikwa mpaka ukutani, ikabidi tupite ya nyuma, mchanga mtupu na kiza kinaingia, mdogo wangu analia mgongoni mwa bibi. Hatukufika Amu mpaka baada ya Isha. Mama alivua viatu mlangoni kwa shangazi, akakaa kitako, akasema kwa huzuni ambayo naisikia hadi leo, "Hapo napo bahari ndiyo inayofunga njia."

Kwa hiyo tulikaa Langoni, mtaa ambao tulikuwamo tangu mwanzo. Watu wa Mkomani waliuona Langoni ni mahali pa wageni, na walikuwa na ukweli: Wahadhrami, Wabajuni, watu wa Pate na Siyu, kila aliyeshuka chomboni akakosa jamaa wa kumpokea Mkomani. Habib Swaleh naye alikuja Amu kutoka Ngazija, akajiwekea kibanda pembezoni mwa huku, akawasomesha watu ambao wengine hawakuwataka, na pale ukasimama msikiti wa Riyadha. Sasa kila Maulidi watu kutoka pwani nzima huja mtaa huohuo wa wageni. Baba alilipenda sana jambo hilo. Jioni alikwenda kusikiliza twari, akirudi anaonekana mrefu zaidi.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, kuta za mawe, paa la makuti. Makuti yalimtia mama hofu, maana Langoni moto ukishika paa moja hauulizi la pili ni la nani, na miaka minane alilala na pipa la maji kando ya mlango mpaka tulipoweza kununua mabati. Kisima kilikuwa cha jirani, mbali na vyoo, jambo alilolikagua kwa hatua zake mwenyewe akizihesabu. Maji yalikuwa ya wastani. Lakini hospitali ilikuwa mwendo wa dakika chache, hakuna maji ya kuvuka, hakuna tope, na alipokwenda kujifungua tena alikwenda kwa miguu yake, saa saba za usiku, akiwa amemshika bibi. Mji mzima wakati ule ulikuwa na gari moja, la DC. Hatukulihitaji.

Siku ya tatu tangu tuhamie, mama alitoweka asubuhi akarudi na chupa. Ndani yake samaki watatu. Birika hatukuwa nalo. Aliwatia ndani ya kasiki la maji, akaweka kikombe cha kaure chini. Bibi alimwambia wale watakufa. Wawili walikufa. Wa tatu aliishi.

Ningelipewa leo nichague kwa niaba ya mama, sijui kama ningechagua alivyochagua. Shela haichaguliki tena kwa watu kama sisi. Nyumba zake nyingi zimenunuliwa na wageni wa Ulaya, na majumba yanapanda kwenye michanga ileile iliyotunza maji, jambo ambalo linaniuma kwa sababu Takwa iko ng'ambo pale, kila mtu anaijua. Mji ukikosa maji watu wake huvuka, na sasa sijui wavuke kwenda wapi.

Mokowe ndiyo iliyogeuka. Lami imefika kutoka Garsen, na huko Magogoni, jirani yake, bandari ambayo ujenzi wake ulizinduliwa 2012 ilipokea meli yake ya kwanza Mei 2021. Wavuvi wanalia kwa ajili ya mikoko iliyokatwa na maji waliyozuiliwa, na wana haki ya kulia. Lakini vijana wanajenga Mokowe, na mmojawapo ni yule aliyezaliwa Mkanda. Ni nahodha wa boti. Mwaka juzi alimaliza nyumba yake, akamleta mama kuiona.

Mama sasa anatembea kwa fimbo. Hakuingia sebuleni. Alizunguka nyuma, kwenye tangi, akaomba kikombe. Akaonja, akakizungusha kinywani.

"Na mtu akiugua usiku?"

"Kuna gari, mama. Na boti yangu ipo gatini, hapa maji hayakauki."

Mama aliitazama bahari kwa muda, upande wa Mkanda. Akamrudishia mwanawe kikombe, akamwambia aongeze.