Makufuli Matano Yako Kwangu

Ntinda, Kampala
Februari 6, 2022

Mwanangu mpendwa,

Sisi ni wazima. Mama yako alikuja kutoka Jinja wiki jana, magoti yake ni yale yale. Dada yako amerudi kufundisha tangu shule zilipofunguliwa Januari 10, na viatu vya shule haviwatoshi tena watoto wake wote wawili. Mengine utayasikia ukija.

Mimi shangazi yako nakuandikia kwa sababu ya makufuli. Alhamisi jioni mlinzi alinigongea mlango akiwa na mfuko, ndani yake makufuli matano mapya. Akasema dalali wako ndiye aliyeyaleta, na kwamba mwisho wa mwezi yatatiwa kwenye milango ya vyumba vyetu vya barabarani. Akasema pia kijana wa rolex, yule muuza chapati za mayai, aondoke barazani sasa hivi, kwa kuwa hayumo kwenye daftari la kodi. Nikamwuliza mara mbili kama hayo ni maneno yako. Akaapa kuwa ni yako. Sikulala usiku ule. Wala sikutaka kukupigia simu, maana kwenye simu wewe una haraka, na jambo hili halitaki haraka.

Nimeiona karatasi ya dalali. Kila mpangaji ameandikiwa miezi anayodaiwa kodi na jumla chini. Kujumlisha amejumlisha sawasawa, lakini ameihesabu miezi kana kwamba yote ilikuwa na jua na soko. Kwenu Nairobi kafyu ya korona iliondolewa Oktoba 20 mwaka jana, na labda ukadhani na huku mambo yalikuwa hivyo hivyo. Huku tuliendelea kuingia ndani saa moja jioni mpaka Januari 24 mwaka huu. Wewe umekulia hapa Ntinda, unajua watu wananunua saa ngapi. Wananunua wakitoka kazini, wakishuka kwenye teksi pale njia panda, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku. Ukimwambia mwenye duka wa Ntinda afunge saa kumi na moja ili awahi kufika kwake, umempokonya siku yake nzima na kumwachia asubuhi ya kufagia.

Sasa nikuhesabie mimi, chumba kwa chumba.

Saluni ilifungwa tangu mwisho wa Machi 2020 mpaka mwisho wa Julai, miezi minne bila kichwa kimoja kusukwa. Mama wa matooke, ambaye chumba chake ni stoo tu, Aprili ile alilala sokoni Nakawa, kwa kuwa Rais aliagiza wauza vyakula wasirudi majumbani. Alilala chini ya chandarua kando ya mikungu yake, na watoto wake waliletewa chakula na mimi. Duka la rejareja lilibaki wazi, lakini lilikopesha mtaa mzima, na mpaka leo daftari lake la madeni ni nene kuliko lile la dalali wako. Dada wa bia, ambaye biashara yake sikuipenda kamwe na nilimwambia marehemu baba yako asimpe chumba, alifungiwa Machi 2020 akafunguliwa Januari 24 mwaka huu. Miezi ishirini na miwili! Amefungua wiki mbili tu. Na wewe unataka kumtia kufuli akiwa bado anafuta vumbi kwenye viti.

Nimemwacha fundi wa sare kwa makusudi, maana yeye ndiye anayeniuma zaidi. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa nusunusu, zikafungwa tena Juni 2021. Nani angeshona sare? Mwaka ule wa kwanza, barakoa zilipolazimishwa, alishona barakoa usiku na mchana, na kodi ya miezi ile aliilipa mwenyewe bila kuombwa. Tazama daftari utaona. Barakoa za kununua zilipojaa kila mahali, akakwama. Katika ile lokidauni ya siku 42 iliyoanza Juni 18 mwaka jana, mke wake aliugua, akauza cherehani. Zile shilingi laki moja ambazo serikali iliwatumia watu kwa simu mwezi wa Julai hazikumfikia, jina lake halikuwemo kwenye orodha. Kisha Januari ikaja. Mwanangu, fikiria watoto wa nchi nzima waliokaa nyumbani karibu miaka miwili na kurefuka, wote wanataka sare wiki moja, na fundi wetu amekaa mlangoni na futi shingoni, hana mashine.

Nilimpa Singer yangu, ile ya miguu. Unajua sijawahi kumwazima mtu mashine ile. Kwa wiki tatu imelia kuanzia alfajiri, na ameshalipa kodi ya Januari na nusu ya Desemba. Huyo ndiye mtu wa kwanza kwenye orodha ya dalali.

Nimewahi kuona maduka yakifungwa na kufunguliwa katika mji huu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili mwaka 1972. Babu yako alikuwa bado anafanya kazi reli, tunakaa nyumba za reli Nsambya, nami nilikuwa nafanya kazi katika duka la vitambaa la Mhindi mmoja mjini. Kazi yangu ilikuwa kupima na kukata. Barazani mbele ya duka walikaa mafundi wanne na cherehani zao. Hawakulipa kodi hata senti. Jioni waliingiza mashine ndani, asubuhi wakazitoa, na mzee yule hata chai ya maziwa aliwapa. Mimi kwa ujana wangu nilidhani ni huruma tu. Siku moja nikamwuliza kwa nini hawatozi. Akanionyesha mteja aliyekuwa akiingia. Akaniambia huyu amekuja kwa fundi, kitambaa atanunua kwangu kwa sababu fundi yuko karibu.

Agosti 4 Rais Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku 90. Nilimsaidia mzee yule kufunga mizigo. Alilia alipoacha mkasi wake mkubwa, akaniachia mimi, ndio ule uliokuwa ukikatazwa kuugusa utotoni. Duka akapewa askari. Simtaji, ana watoto na wajukuu hapa hapa. Siku ya kwanza alikuta rafu zimejaa hadi darini, akafurahi. Siku ya pili akawaona mafundi barazani, akauliza wanalipa kiasi gani. Alipoambiwa hawalipi kitu, akawataka walipe kodi au waondoke. Wakaondoka siku ile ile, wakavuka barabara.

Aliuza vizuri mwezi mmoja, kwa kuwa mali ilikuwepo. Mwezi wa pili nikaanza kukaa nimeshika futi bila kazi. Wateja walipita, wakawafuata mafundi upande wa pili. Mali ilipopungua hakujua iagizwe wapi wala kwa nani, maana yule aliyejua majina ya wenye viwanda na nani hukopesha kwa siku ngapi alikuwa ameshapanda ndege. Akauza vitambaa vya mwisho, akauza meza ya kukatia, mwisho akauza rafu zenyewe zikawa kuni. Kabla mwaka haujaisha, duka lile lilikuwa ukuta na sakafu. Tukaingia miaka ya magendo, ya kupanga foleni ya sukari na sabuni, na watu wakawa wanawaita wale waliogawiwa maduka mafuta mingi, hali wengi wao hawakubakiwa na kitu ila jina lile.

Sikufananishi na askari yule. Wewe ni mtoto niliyekubeba mgongoni. Lakini nilipoambiwa kijana wa rolex aondolewe kwa kuwa hayumo kwenye daftari, nilisikia sauti ile ile. Kijana yule akikaanga mayai yake jioni, watu husimama. Wakisimama huingia dukani kununua soda na vocha. Wanawake wakisubiri rolex huchungulia saluni. Baraza ndiyo inayoviitia wateja vyumba vyote vitano.

Dalali anasema amekupatia kampuni moja itakayochukua vyumba vyote, ivunje kuta za kati, na ilipe mwaka mzima mbele. Ni fedha nzuri, sikatai. Lakini wewe unakaa Nairobi, ulimwona Nakumatt, yule wa supamaketi, alivyokwisha. Huku alifunga mwaka 2017. Uchumi alitangulia mwaka 2015. Shoprite naye alitangaza mwaka jana kwamba anaondoka Uganda. Wakubwa hawa huondoka kwa uamuzi wa mkutano ulio mbali, na wakiondoka huacha jengo ambalo mdogo hawezi kulijaza. Fundi wa sare aondoke aende wapi? Watoto wake wanasoma hapa chini, hospitali yake ni Naguru, mchungaji wake yuko St. Luke's.

Tena vyumba hivyo usiseme ni vya baba yako peke yake. Sijalisema hili tangu azikwe, ila leo nitalisema. Bati zile zilinunuliwa kwa fedha za cherehani yangu. Nilikuwa nimeficha noti kwenye kopo la unga, na baba yako akanishauri nizigeuze bati. Mei 1987 serikali ikabadilisha fedha, ikakata sifuri mbili na kuchukua asilimia 30 juu yake. Waliokuwa na noti walilia, sisi tulikuwa na bati. Kwa ushauri ule namwombea kwa Mungu kila siku. Lakini hati ikaandikwa jina moja, na kwenye mazishi nikasikia ikisemwa kwamba alijenga peke yake. Nilinyamaza kwa ajili ya maiti. Baba yako mwenyewe, alipopangisha mara ya kwanza, kila aliyefungua alimpa miezi miwili bila kodi ili fedha ile ijaze rafu. Hapakuwa na dalali.

Nimekwisha kaa na wapangaji, mmoja mmoja, jana. Miezi ambayo serikali yenyewe iliwafungia, wasamehe yote. Ya kafyu, watoze nusu. Inayobaki walipe kila Jumamosi kidogo kidogo kwangu, si kwa mwezi, kwa sababu fedha ya mwezi huliwa na ada za shule kabla haijafika. Wote wamekubali, na dada wa bia ameanza. Andikishaneni, na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, aweke mhuri.

Na wewe mtu wa benki, badala ya makufuli ungewaletea akili yako. Serikali na mabenki wametenga shilingi bilioni 200, nusu kwa nusu, kwa ajili ya kufufua biashara ndogo. Riba ni asilimia 10, na Benki Kuu ndiyo msimamizi. Wanataka biashara yenye wafanyakazi 5 hadi 49. Mama wa matooke hawezi, yuko peke yake. Lakini saluni ina wasichana wanne na mwenyewe wa tano. Kinachomshinda ni hesabu za maandishi, kwani za kwake ziko kichwani. Kaa naye siku moja, mwandikie. Fundi naye mwulizie habari za Emyooga, mpango ule wa serikali, kule wamepanga watu kwa kazi zao na mafundi wa nguo wana kundi lao. Duka la rejareja halihitaji mkopo, linahitaji wadaiwa wake walipe. Dada yako ni mmoja wao, nimeshamwambia.

Usimsikilize sana mtu anayelipwa kila mpangaji anapobadilishwa. Pima presha, baba yako aliondoka nayo. Na mkeo mbona haandiki?

Kijana wa rolex nimemwambia abaki. Bodaboda bado wanazuiwa kubeba abiria baada ya saa moja jioni, kwa hiyo wateja wake wa usiku ni wa miguu tu, lakini jana alimaliza trei mbili za mayai. Usimtume mtu mwingine kumwondoa. Ukitaka kumwondoa, uje umwambie mwenyewe ukiwa umesimama pale barazani, saa kumi na mbili jioni, watu wakipita.

Makufuli yote matano yako ndani ya sanduku langu, chini ya kanga za marehemu bibi yako, na funguo zake nimezifunga kwenye pindo la leso. Mlinzi ameambiwa. Dalali alikuja kuzitaka asubuhi, nikampa chai akaenda zake.

Panda basi la usiku Ijumaa ijayo. Njoo na sindano za Singer, namba 16, na mkanda wa ngozi wa gurudumu la chini. Ule uliopo umekatika mara mbili, nimeuunga kwa uzi, na fundi bado ana sare arobaini za kumaliza.

Shangazi yako