Mjusi Aliyeshindwa Kujivua Gamba

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za uji wa watoto, za karo ya masomo na za kukausha ndagala. Wiki hii tunaandika juu ya mjusi. Anayetaka kucheka acheke kwanza, kisha asome mpaka mwisho, maana habari hii ni ya mtoto kuliko ya mjusi.

Katika parsele yetu hapa Kalundu tunaishi dada wawili, watoto wetu, na mama yetu ambaye watoto wote wanamwita koko. Kiangazi kilipoanza tulimpokea mtoto wa dada yetu mkubwa, mvulana wa miaka tisa, kutoka uwanda wa Ruzizi. Ninyi wenyewe mnajua watoto wanaotoka huko wameona nini, hatuna haja ya kueleza. Huyu alikuwa na adabu kupita kiasi. Alikula alichopewa, akalala alipoambiwa, wala hakuomba kitu. Ukimwuliza, "Umeshiba?" anajibu, "Ndiyo, mama mdogo," hata kama sahani ilikuwa na vijiko vitatu tu. Mtoto anayelia unajua pa kumshika. Mtoto asiyeomba kitu anatia hofu.

Baadaye tukagundua kwamba anafuga mjusi. Alikuwa mmoja wa wale wadogo weupeweupe wanaotembea ukutani usiku karibu na taa, ambao jirani zetu wa Tanzania wanawaita mjusi kafiri. Alimweka ndani ya kopo la plastiki, akatoboa mfuniko, na kila jioni alimtafutia nondo na mende wadogo. Koko hakupenda. Alisema mjusi ana sumu, akianguka ndani ya chungu nyumba nzima itakufa. Sisi tulimwomba koko avumilie, kwa sababu tuliona mtoto anaongea na lile kopo, na sisi bado alikuwa hajaongea nasi.

Ndipo usiku mmoja akaja mlangoni na kopo mkononi. "Mama mdogo, naomba unisaidie. Anakwama." Lilikuwa ombi lake la kwanza tangu afike. Tuliacha vyombo tukaketi naye chini ya taa.

Mjusi hujivua gamba kama nyoka, ila nyoka hulitoa zima kama soksi, na mjusi hulitoa vipandevipande. Siku moja au mbili kabla, rangi yake hufifia, anakuwa kama amepakwa unga. Kisha anajisugua kwenye ufa na tofali, anavuta ngozi kwa mdomo na kuila. Mara nyingi kazi hiyo inaisha kwa muda mfupi, ndiyo maana hatuioni. Lakini huyu wetu alibaki na ngozi kavu kwenye vidole na kwenye ncha ya mkia. Vidole vilionekana vimefungwa kwa uzi mweupe. Alijaribu kupanda ukuta wa kopo akateleza, akajaribu tena akateleza.

Kijana mmoja wa jirani aliyesomea mambo ya mifugo alitueleza sababu. Gamba linahitaji unyevu ili liachie. Mjusi wa ukutani anajitafutia mwenyewe: anaingia nyuma ya mtungi wa maji, kwenye ufa wenye ubaridi, chini ya jiwe. Wetu alikuwa ndani ya plastiki, juu ya kabati, chini ya mabati ya kiangazi, na mbabula inawaka karibu. Hakuwa na maji wala kitu cha kujisugulia. Tena ngozi iliyobaki kwenye kidole si jambo dogo. Ikizidi kukauka inabana kama kamba, damu haipiti, na kidole kinakuwa cheusi na kukatika. Mjusi anashika ukuta kwa vinyweleo vidogo sana vilivyo chini ya vidole. Akipoteza vidole hawezi kuwinda.

Jirani mwingine alitushauri tuivute tu, kama tunavyomenya ndizi. Tulikataa. Ngozi kavu ikivutwa inaondoka na ngozi mpya iliyo chini. Tena mjusi akishtuka, au akishikwa mkia, anauacha mkia mkononi mwako na kukimbia.

Tulifanya hivi. Tulichukua kopo safi, tukatandika kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, tukamweka mjusi humo na kufunika, mfuniko ukiwa na matundu. Maji tuliyapima kwa kiwiko, kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Hatukutia sabuni, mafuta wala chumvi. Tulimwacha robo saa. Kisha mmoja wetu alimshika taratibu mwilini, na mtoto akachukua kijiti cha pamba cha masikio kilicholowa, akakibingirisha kidole kimoja kimoja, kutoka kwenye kiganja kuelekea kwenye ncha. Kilichoachia kiliachia. Kilichokataa tulikiacha hadi kesho yake. Machoni hatukugusa kabisa. Mjusi huyu hana kope, jicho lake limefunikwa na utando mwangavu, naye analisafisha kwa kulilamba.

Kazi hiyo ilichukua jioni nne. Mkono wa mtoto ulitetemeka jioni ya kwanza, ya tatu haukutetemeka tena. Na jioni hizo, macho yakiwa kwenye kidole cha mjusi, alianza kuzungumza. Alitusimulia nyumba yao, mbuzi wao, njia waliyopita usiku. Hatukumwuliza swali. Tulishika mjusi na kusikiliza. Mtoto hawezi kusema mambo mazito huku umemkazia macho. Mpe mikono yake kazi, maneno yatafuata.

Vidole vyote viliachia, isipokuwa kimoja cha nyuma ambacho kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi. Kilikatika siku chache baadaye. Mtoto alitazama, akauliza kama atakufa. Tulimwambia ukweli: hapana, ataishi na vidole vilivyobaki, vinatosha kupanda. Alinyamaza kidogo, kisha akasema basi apande. Yeye mwenyewe alimpeleka kwenye ukuta wa nyuma, karibu na mtungi, akamwachia. Hatukumshauri. Nasi tunaona aliamua vizuri: mjusi wa ukutani hastahili kuishi ndani ya kopo, na nje anajipatia unyevu, tofali na mbu wa kula.

Kwa mama ambaye mtoto wake analeta mjusi nyumbani, tunaacha maneno machache. Mjusi huyu hana sumu, hata hivyo koko hakukosea alipotuambia tufunike chungu: mavi ya mjusi yanaweza kubeba vidudu vya kuharisha. Anayemshika anawe mikono kwa maji na sabuni. Sisi wa Uvira, kipindupindu kimetufundisha somo hilo vya kutosha. Ndani ya kopo mwekeni kitambaa chenye unyevu na kipande cha tofali, kopo likae mbali na jua na moto. Gamba likikwama, lowesheni, msivute. Na akishapona, mwachieni.

Koko bado anafunika chungu kwa sahani mbili. Ila usiku tukiwasha taa ya sola anainua macho ukutani na kuuliza, "Yule wa kidole kimoja pungufu amekuja?" Naye mtoto, wiki iliyopita, alirudisha sahani yake jikoni na kusema kwamba hajashiba, kama sombe ipo anaomba aongezewe. Sombe ilikuwepo. Tulimwongezea mpaka sahani ikajaa, na hakuna aliyesema neno, tusije tukamfanya aone haya.